Kanda ya baba na diski mpya: kwa nini hazifanani

*"Shikamoo mtaalamu. Marehemu baba yangu alikuwa baharia, na katika safari zake alinunua Uingereza kanda ya VHS ya filamu Touch of Evil ya Orson Welles. Sisi watoto tuliitazama nyumbani Tanga mara nyingi mpaka tukawa tunajua kila tukio kabla halijafika. Mwaka huu nimeagiza kutoka huko huko Uingereza kasha la Blu-ray lililotolewa mwaka 2011, lenye diski mbili, nikitumaini kuiona ikiwa safi. Nimevunjika moyo. Nilichagua toleo la kwanza lililojitokeza, nikakuta mwanzoni hakuna majina ya waigizaji wala ule muziki wa ngoma na tarumbeta. Matukio mengine yamepangwa kwa utaratibu tofauti. Picha imekatwa juu na chini na kuwekewa mistari myeusi. Nyuso za watu zina chenga kama mchanga. Hata sauti ya Quinlan ni nzito kuliko ninavyoikumbuka. Kanda ya baba huchukua dakika 104, diski hii dakika 111. Je, nimeuziwa bandia? Na kanda yenyewe, ambayo sasa imeota unga mweupe pembeni, niitupe au niihamishie kwenye kompyuta?"*

Marahaba, na pole kwa kuondokewa na mzee. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umetazama kwa makini, ukapima muda, ukasikiliza sauti. Kila ulichokiona kipo kweli. Hata hivyo hujauziwa bandia, na baba yako naye hakuuziwa bandia. Mnamiliki matoleo mawili tofauti ya filamu moja, yaliyotayarishwa kwa njia mbili tofauti, na karibu kila dosari unayoitaja ina sababu inayoeleweka. Kabla ya hayo yote nakuomba usiicheze tena ile kanda hadi umalize kusoma jibu hili, kwa sababu huo unga mweupe ndio jambo pekee katika barua yako lililonitia wasiwasi.

Kwa wasomaji wasioifahamu filamu hii, nieleze kidogo. Touch of Evil ilipigwa mwaka 1957 na kutolewa na Universal-International mwaka 1958, wakati ambao filamu za aina ya noir, yaani zile za rangi nyeusi na nyeupe, za uhalifu, usiku na vivuli vizito, zilikuwa zinafikia ukingoni Marekani. Hadithi inatokea katika mji wa mpakani kati ya Marekani na Meksiko, ingawa sehemu kubwa ilipigwa Venice, California, kati ya nguzo za visima vya mafuta na mifereji ya mahali hapo. Charlton Heston anaigiza Vargas, ofisa wa Meksiko aliyetoka kuoa, Janet Leigh ni mkewe Susan, na Welles mwenyewe ni Hank Quinlan, mpelelezi mnene na mchovu mwenye tabia ya kupandikiza ushahidi kwa watu anaoamini wana hatia. Bomu linalipuka ndani ya gari, na kuanzia hapo Vargas na Quinlan wanagongana.

Chanzo cha utata wako ni kwamba filamu hii ina matoleo matatu, na hakuna hata moja ambalo Welles alilikamilisha kwa mkono wake. Alipokwisha kupiga picha na kuanza kuhariri, studio iliichukua kazi hiyo, ikawapa wahariri wengine, na mwezi Novemba 1957 ikamwita mwongozaji mwingine, Harry Keller, kupiga matukio ya nyongeza ili hadithi ieleweke kwa urahisi zaidi. Welles alionyeshwa matokeo, na tarehe 5 Desemba 1957 akaandika waraka wa kurasa 58 kwa mkuu wa studio, Edward Muhl, akieleza tukio baada ya tukio nini kibadilishwe. Nimewasikia watu wakiuita waraka wa hasira. Ukiusoma utaona ni barua ya mtu mwenye adabu na subira, anayejua kwamba filamu imeshamtoka mikononi na anajaribu kuokoa kile kinachookoka. Studio ilitekeleza machache tu. Filamu iliyoingia kumbi za sinema mwaka 1958 ilikuwa na takriban dakika 96.

Miaka ya 1970 Universal ikagundua katika ghala lake nakala ndefu zaidi, ya dakika 108, na mwaka 1976 ikaitoa kwa watazamaji. Wengi waliipokea wakidhani ndiyo filamu kamili ya Welles. Haikuwa hivyo. Ilikuwa nakala ya majaribio, iliyotayarishwa mapema mwaka 1958 kwa ajili ya kupima watazamaji kabla filamu haijafupishwa. Ina vipande vingi zaidi vya Welles kuliko toleo la sinema, lakini pia ina vipande vingi zaidi vya Keller. Toleo la tatu ni la mwaka 1998: mtayarishaji Rick Schmidlin na mhariri Walter Murch waliuchukua ule waraka wa kurasa 58 na kujaribu kuutekeleza kwa kutumia picha na sauti zilizosalia, wakapata filamu ya dakika 111. Hiyo ndiyo uliyoichagua ulipobonyeza rimoti.

Sasa tukokotoe kanda ya baba. Unasema inachukua dakika 104, na hakuna toleo la dakika 104 kati ya hayo niliyoyataja. Jibu lipo katika kasi. Filamu ya sinema hupigwa na kuonyeshwa kwa fremu 24 kila sekunde. Mfumo wa televisheni wa PAL, uliotumika Uingereza na ambao sisi pia tuliutumia, huonyesha fremu 25 kila sekunde. Njia rahisi ya kuoanisha viwili hivyo ilikuwa kuiendesha filamu nzima kwa kasi iliyozidi kidogo, kwa asilimia 4 hivi. Chukua dakika 104, uzizidishe kwa 25, kisha ugawanye kwa 24: utapata dakika 108 na ziada kidogo. Baba yako alinunua ile nakala ya majaribio, na hakuna tukio hata moja lililokatwa humo ili kupata dakika hizo 104.

Hapo pia umepata jibu la sauti ya Quinlan. Filamu inapoharakishwa bila marekebisho, sauti zote hupanda kwa kiwango kisichofikia nusu toni. Ni kidogo kiasi kwamba mtu anayeisikia mara ya kwanza hatambui chochote, lakini sikio lililozoea kanda moja tangu utotoni hutambua mara moja. Blu-ray yako inaendeshwa kwa fremu 24, kama mashine ya sinema. Sauti nzito unayoisikia leo ndiyo sauti ya Welles aliyorekodiwa nayo, na ile nyepesi ya Tanga ndiyo iliyokuwa imepandishwa. Najua si rahisi kulipokea hilo, kwa maana kwako sauti sahihi ni ile uliyokua nayo.

Turudi kwenye mwanzo wa filamu, ambao ndio uliokuumiza zaidi. Filamu inafunguka kwa shoti moja isiyokatwa, yenye urefu wa takriban dakika 3 na sekunde 20. Tunaona mikono ikitega saa ya bomu, mtu anakimbia na kulitumbukiza katika buti ya gari la wazi, wenye gari wanakuja na kuondoka nalo, na kamera iliyobebwa na kreni inapaa juu ya mapaa, inashuka barabarani, inawakuta Vargas na mkewe wakitembea kwa miguu, inawapoteza, inawakuta tena, huku gari lile likipita kando yao, likisimama, likitangulia. Mwanamke aliyemo garini analalamika kwamba anasikia mlio wa tiki-tiki kichwani mwake. Katika kanda ya baba, majina ya waigizaji na watayarishaji yamewekwa juu ya picha hizo, na muziki wa Henry Mancini, ule wa ngoma na tarumbeta, unapiga kutoka mwanzo hadi mwisho.

Welles hakutaka hivyo. Katika waraka wake alieleza kwamba eneo hilo lijazwe na muziki unaotoka mahali penyewe: vipaza sauti vya vilabu vya usiku, mlango huu na ule, na redio ya gari. Majina yahamishwe. Murch alipofanya hivyo mwaka 1998, akapeleka majina mwishoni, kitu cha ajabu kilitokea, nami nakuomba ukijaribu mwenyewe usiku mmoja huku umefumba macho. Redio ya lile gari ina wimbo wake. Gari likikaribia, wimbo unakua. Likienda mbali, unafifia chini ya kelele za kilabu kingine. Kwa hiyo hata pale kamera inapowafuata Vargas na mkewe na gari halionekani, sikio lako linajua bomu liko wapi. Ukishasikia hivyo, ule utulivu uliokukera unageuka kuwa hofu. Hata hivyo sitakudanganya kwamba muziki wa Mancini ulikuwa kosa. Ni muziki mzuri sana, naupenda, na kwa mtu aliyekua nao, mwanzo usio na ngoma zile utabaki na pengo. Habari njema ni kwamba haujapotea: toleo la sinema la mwaka 1958 na ile nakala ya majaribio, yote mawili yamo katika kasha ulilonunua. Pitia menyu za diski zote mbili kwa utulivu utayakuta.

Mpangilio wa matukio umebadilika kwa sababu hiyo hiyo. Baada ya mlipuko, Vargas anabaki kwenye eneo la tukio na mkewe anajikuta mikononi mwa ukoo wa Grandi. Welles aliomba hadithi hizo mbili zisukwe pamoja, kipande cha huku na kipande cha kule, ili mtazamaji asimsahau mmoja wao kwa muda mrefu. Yapo pia mabadiliko madogo mno ambayo huenda hukuyaona, na mojawapo Murch mwenyewe amelizungumzia mara kadhaa. Vargas anapomwonyesha Menzies, msaidizi mwaminifu wa Quinlan anayeigizwa na Joseph Calleia, ushahidi dhidi ya bosi wake, toleo la awali lilikuwa na picha ya karibu ya uso wa Menzies akiwa amevunjika kabisa. Welles aliomba picha hiyo iondolewe. Ni sekunde chache tu. Lakini ikiondoka, Menzies haonekani tena kama mtu dhaifu aliyesalimu amri pale pale, na yote anayoyafanya baadaye dhidi ya rafiki yake yanakuwa uamuzi wa mtu aliyeufikiria. Ukitaka kuelewa kazi ya mhariri ni nini, linganisha tukio hilo katika matoleo mawili, moja baada ya jingine.

Je, basi toleo la 1998 ndilo filamu ya Welles? Utaona majarida na hata makasha ya diski yakilitangaza karibu hivyo, na hapa lazima tuwe waangalifu. Welles alifariki mwaka 1985, miaka 13 kabla ya kazi hiyo kukamilika. Waraka wake haukuwa mpango wa filamu aliyoitaka tangu awali. Ulikuwa maoni juu ya uhariri wa watu wengine, ulioandikwa na mtu aliyejua kwamba hawezi kuomba kila kitu. Schmidlin na Murch wameujibu waraka huo kwa uaminifu mkubwa, na kwa maoni yangu wametupa filamu iliyo bora kuliko zile mbili za awali. Lakini ni jibu kwa barua, lililochelewa miaka 40. Filamu ambayo Welles angeimaliza kama angeachiwa mashine yake ya kuhariria haipo kokote, na mtu akikuuzia diski kwa jina hilo usimlipe zaidi kwa sababu hiyo.

Sasa umbo la picha. Umeona mistari myeusi juu na chini ukahitimisha kwamba picha imekatwa. Hitimisho hilo ni la kawaida na linaeleweka, ila mambo yalikwenda kinyume chake. Kuanzia mwaka 1953 studio za Hollywood, Universal ikiwa miongoni mwa zilizotangulia, zilianza kuonyesha filamu kwa umbo pana ili kuwavuta watu waliokuwa wakibaki nyumbani na televisheni. Kamera haikubadilika: iliendelea kupiga fremu inayokaribia mraba, yenye uwiano wa 1.37 kwa 1, yaani upana ni mara 1.37 ya kimo. Kilichobadilika ni kibati kidogo chenye dirisha kilichowekwa ndani ya mashine ya kuonyeshea, kikaziba sehemu ya juu na ya chini, ili kwenye pazia ionekane picha ya uwiano wa 1.85 kwa 1. Mpiga picha, hapa Russell Metty, alijua hilo alipokuwa akipanga taa na vichwa vya watu. Televisheni za zamani zilikuwa karibu mraba, kwa hiyo waliotengeneza kanda za VHS walikiondoa kile kibati wakaonyesha fremu nzima. Baba yako aliona sehemu za picha ambazo watu wa kumbi za sinema za Marekani mwaka 1958 hawakuoneshwa.

Televisheni yako ya sasa ina uwiano wa 1.78, na picha ya 1.85 ni pana kidogo kuliko hiyo, ndiyo maana inabakiza mistari miwili myembamba. Picha ya Blu-ray imejengwa kwa mistari midogo 1080 kutoka juu hadi chini, na weusi huo huchukua takriban 21 juu na 21 chini. Ikiwa mistari myeusi unayoiona ni minene zaidi ya hapo, basi tatizo liko katika mpangilio wa televisheni au wa mashine, si katika diski. Na tafadhali usiivute picha kwa kitufe cha kukuza ili ijaze kioo, maana hapo ndipo utakapoikata kwelikweli.

Wako wataalamu wanaoamini kwamba Welles, aliyejifunza kazi katika enzi ya fremu ya mraba, aliipanga filamu hii kwa umbo hilo la zamani, na mjadala wao si wa kipuuzi. Ndiyo sababu wachapishaji wa kasha lako waliweka toleo la sinema na toleo la 1998 kwa maumbo yote mawili. Mimi nasimama upande wa 1.85. Ukiitazama fremu nzima utaona juu ya vichwa vya waigizaji nafasi tupu isiyo na kazi, dari na anga ambavyo havielezi chochote. Ukiifunika, uso wa Quinlan uliopigwa kutoka chini kwa lenzi pana unakusogelea kiasi cha kukukosesha pumzi. Hata hivyo hilo ni jambo la jicho lako nawe, na bahati nzuri unayo yote mawili ya kulinganisha. Kitu kimoja tu hukipati katika kasha hilo: nakala ya majaribio ya dakika 108 kwa fremu nzima, yaani kile hasa kilichomo katika kanda ya baba. Nitalirudia jambo hili tukifika kwenye ule unga.

Kuhusu chenga, ndugu yangu, nakuomba ubadilishe neno. Chenga ni kile kinachoonekana kwenye runinga antena inapoyumba. Unachokiona kwenye diski ni chembe za fedha. Filamu ya sinema ni ukanda wa plastiki uliopakwa utando wenye chembe ndogo mno za misombo ya fedha, na zile zilizoguswa na mwanga ndizo zinazogeuka kuwa nyeusi katika dawa. Ukiweka kipande cha filamu juu ya meza ya taa na kukiangalia kwa lenzi ya kukuzia, kama ninavyofanya karibu kila siku kazini, utaona kwamba nyusi za mtu si mstari, ni mkusanyiko wa chembe. Na katika fremu inayofuata chembe hizo zimekaa mahali pengine kabisa. Zikipita mbele ya jicho fremu 24 kwa sekunde, picha inaonekana kama inapumua. Hiyo si takataka juu ya picha. Ndiyo picha yenyewe, hakuna nyingine nyuma yake.

Hukuziona kwenye VHS kwa sababu VHS haikuwa na uwezo wa kuzionyesha. Kanda ile hubeba takriban mistari 240 ya undani, wakati Blu-ray ina nukta 1920 kwa 1080. Zaidi ya hayo, kanda za miaka ile kwa kawaida zilitokana na nakala iliyochapishwa kutoka kwa nakala nyingine, na kila hatua kati ya negativu, yaani ile filamu iliyopita ndani ya kamera, na kanda humeza kitu. Katika filamu ya noir hasara hiyo ni kubwa kuliko kawaida, kwa sababu nusu ya hadithi imo katika giza. Kwenye VHS giza ni doa moja jeusi. Kwenye diski nzuri unaona kwamba ndani ya kivuli kuna ukuta, ukutani kuna bango lililochanika, na karibu na bango yupo mtu.

Kuna watayarishaji wa diski wanaozifuta chembe kwa kompyuta ili kuwafurahisha wateja, nazo nyuso za watu hugeuka kuwa kama sanamu za nta. Uso wa Welles katika filamu hii umepakwa vipodozi na kuvimbishwa makusudi, una jasho, ndevu zisizonyolewa na mifuko chini ya macho. Ukifuta chembe unafuta na hayo yote. Kwa hiyo chembe zisikutishe, ila hakikisha televisheni yako haizikuzi kupita kiasi. Televisheni nyingi hutoka dukani zikiwa katika mpangilio wa kung'ara ili zivutie machoni. Chagua mpangilio wa sinema, shusha ukali wa picha karibu na sifuri, zima kipengele cha kulainisha mwendo na kile cha kuondoa chenga, kisha zima taa ya sebuleni. Wengi walioniletea malalamiko kama yako walirudi kunishukuru baada ya hatua hizo tu, bila kununua kitu kingine.

Je, kuna haja ya kununua zaidi? Mwaka 2022 kampuni ya Kino Lorber ya Marekani ilitoa filamu hii kwa 4K, yaani diski zenye undani mkubwa kuliko Blu-ray ya kawaida, kila toleo kati ya yale matatu likiwa na diski yake. Ni kazi nzuri, na diski za 4K hazifungiwi kwa kanda za dunia, yaani maeneo ambayo diski nyingine hugawiwa ili zicheze huko tu, kwa hiyo zitacheza popote. Lakini haziingii katika mashine ya kawaida ya Blu-ray. Utahitaji mashine ya 4K na televisheni ya kufaa, tena kubwa, ndipo uone tofauti kutoka mahali ulipokaa. Kama huna hivyo vyote, kasha ulilonalo linatosha kwa miaka mingi. Ukishawishika kununua Blu-ray za kawaida kutoka Marekani, tazama kwanza nyuma ya kasha. Afrika, pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati, iko katika kanda B, na diski iliyofungiwa kanda A, ambayo ndiyo ya Marekani, haitacheza katika mashine yako. DVD nazo zina mgawanyo wao: Tanzania na Kenya ziko katika namba 5, Uingereza na Oman katika namba 2. Nimeona watu wakirudisha diski dukani mara tatu wakidhani zina mikwaruzo, kumbe ni namba tu.

Nimebakiza unga. Unga mweupe kwenye ukingo wa kanda, hasa kwenye nyumba za pwani zenye unyevu, kwa kawaida ni ukungu unaoota. Kanda ya VHS ni ukanda wa poliesta uliopakwa chembe za oksidi ya chuma zilizoshikiliwa na gundi, na unyevu huilegeza gundi hiyo na kuulisha ukungu. Ndani ya deki kuna gurudumu la kusomea linalozunguka mara 25 kila sekunde, likiusugua ukanda muda wote. Ukiingiza kanda yenye ukungu, gurudumu hilo litaukwangua, litasambaza vumbi lake ndani ya deki nzima, na kanda yoyote utakayocheza baadaye itaambukizwa. Mbaya zaidi, ukanda ulionata unaweza kukatika au kuacha picha zake juu ya gurudumu, na kilichobanduka hakirudi. Vilevile usiufungue mwenyewe na kuufuta kwa kitambaa chenye maji wala spiriti, na usiuanike juani.

Hii ndiyo sehemu ambayo maandishi yangu hayawezi kukusaidia. Unahitaji mtu aishike kanda hiyo kwa mikono yake. Iweke ndani ya mfuko wa karatasi, mahali pakavu penye hewa, ikiwa imesimama kama kitabu, mbali na kanda nyingine, huku ukitafuta fundi anayehamisha kanda za zamani kwa kazi yake ya kila siku. Usichelewe, kwa sababu deki mpya hazitengenezwi tena tangu mwaka 2016, na zile zilizobaki zinachakaa kila mwaka pamoja na mafundi wanaozijua. Muulize anasafishaje ukungu. Akikujibu kwamba ataichomeka tu kwenye deki aone, chukua kanda yako uondoke. Anayeijua kazi ataikagua kwanza, ataikausha polepole, ataupitisha ukanda kwenye mashine ya kusafishia, na ataanza kunakili mara ya kwanza kabisa inapocheza, kwa kuwa huenda hiyo ikawa ndiyo mara pekee. Kama unaweza, mpe kwanza kanda nyingine ya nyumbani yenye hali kama hiyo lakini isiyo na thamani kwako, uone ataifanyaje.

Kwa hiyo usiitupe. Nimekwisha kusema kwamba toleo lile kwa umbo lile halimo katika kasha lako jipya, na hata lingekuwamo, kanda hiyo imeshikwa na mzee. Fundi akishaipata picha, mwombe akupe faili kama ilivyotoka kwenye deki: asiinyooshe ijaze kioo kipana, asiipake ukali, na asiirudishe kwenye fremu 24 kwa nia njema ya kuisahihisha. Mwache Quinlan azungumze humo kwa ile sauti nyepesi ya Tanga. Ile nzito unayo tayari kwenye diski.